Mashini ya Hubert Inayofua na Kukausha

Masisi, 11 Machi 1968

Kwa mujukuu wangu Victorine,

Uko muzima? Mutoto anacheza tumboni? Miguu haijavimba? Sisi huku tuko. Mugongo unaniuma asubuhi, ikifika mchana unasahau. Maharagi yametoka vizuri. Salamu zimeisha, sasa nisikie.

Polycarpe katekista amenisomea barua yako mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilifikiri anakosea. Ati Hubert, bwana yako, amenunua mashini ya yule injeniere muzungu aliyerudi kwao. Ati inafua nguo na kuikausha palepale, ndani ya tumbo moja. Vizuri. Muntu anunue anachotaka. Lakini mwisho wa barua unaniambia: "Koko, usijisumbue kuja kwa uzazi. Hubert anasema kazi ya kufua imepata mwenyewe."

Kumbe nafasi yangu imechukuliwa na chuma!

Mama yako alikufa ungali mugongoni, mimi njo nilikubeba. Mutoto wa kwanza akizaliwa, muntu wa kwenu njo anafua vikwembe, zile nguo anazojifunga muzazi. Si watu wa bwana. Na bwana mwenyewe hapana, asivione hata kwa mbali. Unafikiri tunakujaga kwa ajili ya uchafu? Nafungua kikwembe, naangalia damu: rangi yake, wingi wake, harufu yake. Hapo njo najua kama unapona ao homa inakuja. Mashini ya Hubert iko na macho? Iko na pua?

Polycarpe anasema nipunguze sauti, hii ni barua, si soko la Sake. Nimemuambia andika hivyohivyo.

Koko yako


Itebero, 2 Aprili 1968

Koko wangu mupenzi,

Nakusalimia na heshima yote. Mugongo unaendeleaje? Mimi niko muzima, tumbo limekuwa kubwa, silali vizuri tu.

Usikasirike, Koko. Haujui mvula ya huku. Kwenu Masisi nguo ikilowa, upepo wa mulima unaikausha. Huku ni pori. Kikwembe kinaninginia chini ya bati mpaka kinaota ukungu, unakivaa kinanuka uyoga. Ile mashini iko na mulango wa kioo, unaona nguo zinazunguka ndani. Wake wa makarani wote wa kampu ya Kompani, wenzake Hubert, wanakuja kuangalia kama sinema. Colette, jirani yetu, anasumbua bwana yake atafute yake pia.

Sisemi haina shida. Inafua tumbo nzima, lakini inakausha nusu tu. Ukiacha zote ndani, zinatoka za moto na maji bado. Moteri ya Kompani inayotupa umeme inawashwa jioni peke yake. Ikizimwa kabla nguo haijakauka, tunangojea jioni ingine. Maji nachota mutoni mwenyewe, si mbali sana.

Hubert anasema sasa tusianike tena nguo inje, watu watacheka kwamba mashini ni ya bure. Pasi ya makala pia amempa Colette, ati kitu kinachotoka mashini hakihitaji pasi.

Yeye si mubaya, Koko. Anataka nipumuzike.

Mujukuu wako Victorine


Masisi, 20 Aprili 1968

Victorine,

Usingizi umerudi? Unakula? Mimi mugongo umepona, hasira imeuponyesha.

Nimemuomba Polycarpe asome tena pale penye maji. Akasoma. Nikamuambia soma tena. Mwanamuke wa mimba anachotea mashini maji! Sasa nani anafanyia nani kazi? Hubert amekuletea mama-mukwe wa chuma, anakunywa kuliko wageni wa ndoa, na hata asante hajui.

Wewe unasema anataka upumuzike. Basi achote yeye! Karani iko na mikono.

Sikiliza. Mimi sikusoma, lakini nguo nimefua tangu mbele ya wazungu kupanda kahawa huku. Ningekuwa na nyumba yenye umeme asubuhi mpaka asubuhi, na maji inayokuja yenyewe, ningesema nunua. Tena nunua mbili, moja ya kufua, moja ya kukausha, kila moja imalize kazi yake. Lakini tumbo moja linalofua yote na kukausha nusu, ile nusu ingine inaenda wapi? Muambie Colette, bwana yake ajenge kibanda cha bati, aweke moto chini. Nguo itakauka hata mvula ikichukia.

Na pasi irudi leo! Nguo ya mutoto ikianikwa inje, inzi anataga mayai ndani. Pasi ya moto njo inayaua. Umesahau hata hiyo?

Niite. Usingoje Hubert akuruhusu.

Koko yako


Itebero, 23 Juni 1968

Koko,

Natumaini uko na nguvu. Nimezaa mutoto musichana. Barua yako ilifika akiwa tayari mikononi, kamyo ilikwama kwa matope kule Walikale.

Utanitukana, lakini nakuambia yote. Vitambaa vya mutoto vilikuwa mingi, mashini ilikausha nusu. Ile nusu ingine niliificha nyuma ya nyumba, juu ya majani, Hubert asipate haya mbele ya kampu. Sikupiga pasi. Mutoto akatoka vipele mugongoni, nikasema ni joto. Analia, hanyonyi. Munganga wa Kompani akapaka mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, akaminya. Zikatoka funza, Koko. Funza, ndani ya ngozi ya mutoto wangu. Sasa anapona.

Mimi njo sijui kama napona. Niko na homa inakuja na kurudi. Hubert anaweka vikwembe vyangu ndani ya mashini amefumba macho, vinatoka safi. Sijaona kitu.

Victorine

Koko, mimi Hubert naongeza hapa chini. Anakuita hata akilala. Nilikosa, nakuomba ukuje. Shida ni moja: mashini iko mu chumba cha mugeni, na haipiti tena mulangoni. Nitakutafutia pa kulala kwa Colette.


Masisi, 30 Juni 1968

Hubert,

Leo sikusalimii kwanza, utanisamehe. Barua hii naipa dereva anayeondoka sasa hivi. Kamyo imejaa, mimi napanda ile inayofuata.

Kwa Colette sitalala. Nitalala kitandani na Victorine na mutoto wake. Wewe utalala na mashini yako.

Sasa kamata neno hili. Ukimaliza kusoma, enda uchukue kikwembe cha Victorine mbele hakijaingia mu mashini. Ndiyo, wewe. Najua bwana hakionaji. Polycarpe pia alisimamisha kalamu, nikamuambia andika. Mimi niliyemulea njo nakupa ruhusa, na anayetaka kusema aseme na mimi.

Kinuse. Damu ya muzazi inanuka damu. Ikinuka kitu kilichooza, usiningojee, usiulize kampu, mubebe mpaka lopitali hata kwa mugongo wako.

Usione haya, mutoto wangu. Kifungue, uangalie.

Koko yenu