Panga za Marehemu Bado Ziko Ukutani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, goti limepunguza ukorofi, na wifi ameacha kukuficha kopo la chumvi. Sisi huku wazima. Mjukuu wako amerefuka mpaka suruali za shule zinamkimbia miguuni. Mimi bado nakata vitambaa pale karakana ya nguo, mkasi ule ule na meza ile ile, ila mgongo siku hizi unataka kushirikishwa katika kila uamuzi.

Najua shemeji ameshakupigia simu, na kama bado, yuko njiani. Mimi nimeona niandike, maana kwenye simu nitalia au nitaropoka, na jambo lenyewe halitaki lolote kati ya hayo.

Unazikumbuka panga za mwanao, zile za ukutani. Wewe ndiye uliyemuuliza mbele za wageni anajiandaa kupigana na nani. Mimi nami sikuzipenda, Mama. Alizitundika sebuleni kuanzia mlangoni hadi dirishani, za kale na za kuiga zikiwa zimechanganywa, kisha akawa anawauliza wageni ipi ni ipi. Karibu wote walikosea, naye akafurahi kama mtoto, halafu akawaeleza. Jumapili alizipaka mafuta, mimi namshikia kitambaa huku nanung'unika kwamba wenzangu waume zao wanakusanya viti. Alipofariki nilizifunika kwa shuka, nikajiambia nikipata nguvu nitaziondoa zote.

Nguvu zilipokuja nikafunua. Nikakuta kutu imeanza kula kile kitara, ule upanga uliopinda wenye kipini cha pembe. Nikachukua mafuta ya cherehani, nikafuta. Nikashika upanga mwingine, na mwingine, mpaka mjukuu wako akaja kuniuliza kama leo tunakula vyuma. Maneno ya marehemu yalikuwa yakinirudia moja moja: kwamba upanga wa kale, kile chuma kinachopita ndani ya kipini huwa kimepigwa nyundo mwishoni, ilhali ule wa kuiga mara nyingi umekazwa kwa nati, kwamba kutu ya miaka huja kwa mabaka, lakini ile ya kupakwa imelala sawasawa kama rangi ya ukuta. Kumbe miaka yote ile niliyonung'unika, masikio yalikuwa kazini.

Sasa shemeji. Alikuja na bwana mmoja mwenye hoteli, anayetaka kununua panga za kupamba ukumbi wake. Sikuwa nimeombwa ushauri, ila nilipika chai. Shemeji akamzungusha ukutani akimwambia kwamba zote ni za kale, urithi wa ukoo. Yule bwana akasimama mbele ya ule mkubwa unaong'aa kuliko yote, akanigeukia akauliza, "Na huu, mama, ulipigana vita gani?"

Shemeji alinikazia macho. Nikasema, "Huo ulitoka kiwandani, bwana. Marehemu mwenyewe alikuwa akisema haujawahi kukata hata kitunguu."

Yule bwana alicheka, tena kwa adabu. Akanishukuru, akaaga. Shemeji alibaki amesimama katikati ya sebule.

"Umeniaibisha mbele ya mtu," akaniambia.

"Kaka yako hakumdanganya mtu kwa panga hizi," nikamjibu. "Aliwaacha wakosee, kisha akawaambia ukweli."

Hapo ndipo aliponiambia kwamba nazing'ang'ania mali za kaka yake kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa naye tumbo moja, na kwamba kuna mtu wa nje anayenitia maneno mdomoni. Akaondoka, chai yake ikabaki na mvuke.

La maneno mdomoni si kweli, Mama. Maneno yalikuwa yangu. Lakini la mtu wa nje ni kweli, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Siku ya mazishi uliniuliza yule mwanamume aliyesimama karibu na lango ni nani, nikakujibu ni rafiki wa marehemu. Ndivyo alivyokuwa. Ni fundi viatu, na ndiye aliyemshonea mwanao ala za ngozi kwa zile panga zilizokuja bila ala. Baada ya msiba alileta ala moja aliyokuwa ameagizwa, akanikuta nimekaa chini na mafuta na kitambaa. Akavua koti, akachukua kitambaa cha pili. Tangu hapo akawa anapita Jumapili. Hatukujificha, mjukuu wako alikuwa mezani na hesabu zake, masikio yamesimama. Mara nyingi tulikuwa tukimzungumzia mwanao, kwa sababu sote wawili hatukuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye habari zake bila kuhurumiwa. Fundi ni mgane. Anajua nyumba iliyopungua mtu inavyosikika.

Mwezi uliopita aliniomba tufunge ndoa, pale pale sebuleni. Nikamwambia mwanamume anayeposa chini ya makali yote yale lazima awe na hakika. Hakucheka. Alisema, "Panga zisiondoke. Marehemu ndiye aliyenifungulia mlango wa nyumba hii."

Nimekubali, Mama. Mjukuu wako nilimwambia kabla ya mtu mwingine yeyote. Alininunia kutwa, jioni akauliza kama fundi anakoroma.

Sikuombi ruhusa kama binti mdogo, na wala sikutangazii kama redio. Nilipojifungua, wewe ndiye uliyetandika mkeka kando ya kitanda changu na kulala hapo mpaka nikaweza kusimama. Mama mwingine sina. Kama jambo hili linakuuma, niambie linakuuma. Nitalisikia na nitaendelea kukupigia. Kama unaweza kunibariki, nibariki. Lakini sitaolewa wewe ukiwa umenyamaza. Sema lolote, hata liwe chungu, nami nitalipokea.

Shemeji mwambie sina kinyongo. Nimemtengea upanga wa kwanza kabisa ambao kaka yake aliununua. Ni wa kuiga, na usimfiche hilo, ila ndio alioanza nao, na kipini chake kimelika pale alipokuwa akiushika.

Msalimie wifi na wote wanaoniuliza. Mjukuu wako anakushika miguu, naomba umwandikie na yeye mistari michache, maana anajifanya mkubwa.

Ni mimi mkazamwana wako, jina ambalo sitaki kulivua.