Nyonga ya Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Leo tena wifi hakuinua hata beseni la unga. Eti kiuno kinaachana! Mtoto ana miezi miwili sasa. Nakanda mimi, nabeba mimi, mikate ya duka zima la kaka — mikono imekufa ganzi. Kaka alishampeleka kliniki. Aliporudi akaniambia wamesema mkewe mzima kabisa, anadeka tu. Namwamini kaka. Huyu wifi ni msanii. Hata kugeuka kitandani anauma shuka!

Jumatano, 6 Machi

Nimemvizia. Nilijifanya naenda kununua hamira, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Yuko peke yake jikoni, kashika ukuta, mguu mmoja anauburuta. Hakuniona. Sasa alikuwa anamwigizia nani?

Labda alisikia mlango.

Ijumaa, 8 Machi

Kaka katoka, nami nikajitia kumsindikiza wifi kliniki. Nia yangu nikamuumbue.

Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mwenye sauti nzito, akatuonyesha mifupa ya plastiki. Huu wa pembetatu, chini ya uti wa mgongo, umekaa kama kabari kati ya mifupa miwili ya nyonga. Kano ndizo zinazoushikilia. Mimba huzilegeza, na kwa wengine huchelewa kukaza. Nikasema moyoni: haya, wamepangana.

Akamlaza wifi. Inua mguu. Wapi! Jasho tu.

"Wewe wifi yake, njoo. Bana nyonga huku na huku. Kaza!"

Nikabana. Mguu ukapanda wenyewe! Nikaachia makusudi — ukaanguka, wifi akapiga ukelele. Mungu anisamehe.

Akamfunga mkanda nyongani, akasema kubeba vizito marufuku. Kisha akakunja uso. Ule mkanda wa kwanza aliompa mumewe siku ile, wifi akiwa nje ananyonyesha, pamoja na maelezo yote haya, uko wapi?

"Mkanda gani?" wifi akauliza.



Jumamosi, 9 Machi

Kaka yangu wa damu! Tangu asubuhi namtazama kama mgeni. Anapiga mluzi, anatania wateja. Alijua. Alijua, akaniacha nimsimange mkewe — kisa kuajiri mtu wa kukanda hataki.

Au alisahau? Mkanda unasahaulika vipi?

Naandika chumbani kwa wifi. Kaka kasimama mlangoni sasa hivi, mluzi umekatika. "Mdogo wangu, jana mlikwenda wapi nyinyi?"

Wifi kaacha kunyonyesha. Hamtazami mumewe. Ananitazama mimi, anangoja nitajibu nini —