Sauti Yako Iliyofungiwa Nakuru

Mama Cherono,

Leo nimerudi kutoka Nakuru bila kukusikia.

Chumba cha kusikilizia cha lile shirika la kuhifadhi nyimbo za kale kimefungwa. Ndimo walimoweka wimbo wako wa kusaga wimbi, ule waliokuja kuurekodi hapa nyumbani Elburgon. Tangu tukuzike nimekuwa nikienda kila Jumanne. Njeri, msichana wa mapokezi, akiniona tu alikuwa anacheka: “Mzee, umekuja kusikiliza kuku?”

Maana si wimbo niliokuwa nafuata. Ni pale katikati, unapoacha kuimba na kuniambia, “Mwalimu, funga mlango, kuku wanaingia.” Kisha unaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Wale wageni walitaka kukikata kipande hicho. Niliwasihi wakiache.

Niruhusu nikueleze, unajua ualimu hauishi. Lile shirika linaendeshwa kwa michango ya nchi nyingi. Sasa nchi kubwa zimegombana juu ya kura fulani, moja imejitoa, nyingine zinachelewesha mchango. Unakumbuka chama chenu cha akina mama kilivyovunjika, Mama Kamau aliponuna kwa kukosa uenyekiti akaondoka na sufuria zote? Ni vivyo hivyo, ila hawa wamevaa suti. Njeri naye ameachishwa kazi, yuko kwao, mtaa wa Free Area. Nilimpigia simu kuomba nakala. Akasema nakala hutolewa na makao makuu ng'ambo, na huko hakuna wa kutia sahihi mpaka wapatane. “Pole, Mzee. Hata funguo walichukua.”

Basi nimeeleza, na nimeeleza vizuri. Lakini nikimaliza kueleza, bado sina sauti yako. Sura ninayo, iko ukutani. Sauti inanitoka. Jana nilijaribu kukumbuka ulivyokuwa ukitamka “Mwalimu.” Nikasikia sauti yangu mwenyewe.

Siku hizi naacha mlango wazi makusudi. Kuku wanaingia, wanapanda hata kwenye kiti chako. Nami nakaa, nangoja kugombezwa.

Nakuahidi nitazidi kwenda. Nitabisha pale hadi mtu afungue, na siku hiyo nitakuwa na mtoto wa Cherono, aliyezaliwa baada yako akapewa jina lako. Nataka akusikie ukiniamrisha.

Pumzika, mke wangu. Baridi ya jioni imeanza kushuka kutoka msituni, na kuku wamejaa sebuleni. Mlango bado sijaufunga.

Mwalimu wako