Skrini ya Kushoto

Jumamosi, 3 Mei

Baba kagonga mlango tena. Bega la kushoto, palepale. Akaugeukia ule ukingo kwa hasira kama vile ndio uliomfuata. Nani kausogeza huu? Mama akajibu kwamba ni yeye, alfajiri, alipokosa kazi ya kufanya. Tukacheka wawili. Baba hakucheka.

Miezi minne sasa tangu kile kiharusi kidogo. Mkono ulirudi. Ulimi ulirudi, tena na maneno yake yote! Upande wa kushoto wa kuona haukurudi. Daktari wa macho alitueleza vizuri: macho yenyewe mazima, ila kichwa hakipokei picha za kushoto, na mwenyewe hajui kuwa hapokei. Haoni giza wala ukungu. Haoni kitu, basi. Akigeuza shingo anaona, lakini ageuze kwa nini wakati anaamini kaona kila kitu? Leseni ikachukuliwa. Baba anasema yule daktari ni mtoto na mashine zake mbovu. Miaka thelathini na moja kwenye basi, hajawahi kukwaruza hata kioo.

Na leo kaja Kipara. Rafiki wa Baba wa siku nyingi, anaitwa hivyo ingawa nywele anazo tele. Ana basi dogo la kupeleka wafanyakazi kiwandani, na dereva wake anaacha kazi. Nilikuwa natia zipu suruali ya mtu, masikio yote sebuleni. Barabara moja tu, anasema, kwenda na kurudi, nani atauliza leseni? Kuanzia Jumatatu ya tarehe 19. Baba akasema atafikiria. Namjua. "Nitafikiria" ya sauti ile ni ndiyo.

Watu kumi na wanne ndani ya gari. Sitaki hata kuandika ninachokiwaza.

Jumapili, 4 Mei

Wifi kaja kushona blauzi, nikammwagia yote. Mke wa kaka yangu huyu ana mdomo, lakini ana na akili. Anakaa mapokezi kwenye ofisi moja kubwa, na mlinzi wao ana gemu la kuendesha mabasi kwenye kompyuta. Abiria wanapanda, wanashuka, mvua inanyesha, hata foleni zipo! Mtengenezee mzee basi lake hapahapa ndani, anasema, atamsahau Kipara.

Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, kompyuta naijulia wapi. Akaniuliza ile cherehani ya umeme iliyokufa mwaka juzi aliifungua nani mpaka skrubu ya mwisho. Ni mimi.

Halafu akaongeza: skrini tatu. Moja haitoshi. Dereva bila vioo vya pembeni si dereva, na mzee ataidharau siku ya kwanza. Ofisini kwao kuna skrini za zamani zinatupwa. Wifi wangu! Siku nyingine namchukia, leo hapana.

Jumatano, 7 Mei

Kwa fundi kompyuta, kibanda cha kona. Nikamweleza: gemu la mabasi, skrini tatu, na fedha ni hizi nilizolipwa kwa kushona sare za kwaya, hakuna nyingine. Akaziangalia, akaniangalia mimi, akacheka. Si kwa ubaya. Akaniandikia vya kununua vipya na vya kununua vilivyotumika. Kadi ya picha – ndiyo inayochora gemu – imetumika, ila ina matundu manne ya skrini. Bodi kubwa, ile inayobeba vyote, imetumika. Feni na chuma chake cha kunyonya joto, kipya. Hapo usibane hela, kasema. Usukani wa gemu alikuwa nao mmoja, ngozi imechubuka. Nikauchukua hivyohivyo, nitaushonea ngozi mwenyewe.

Baba kaniona naingia na maboksi. Nikamdanganya ni kompyuta ya kuchorea mitindo. Akasema aa. Zamani angeuliza maswali kumi.

Ijumaa, 9 Mei

Wifi kaleta skrini tatu zimefungwa kwenye khanga. Mbili zinafanana. Ya tatu ndogo kidogo, imeandikwa 40 kwa wino mwekundu mgongoni na mbele pembeni, na wino hautoki. Nimejaribu spiriti, nimejaribu mate. Hautoki!

Nimeondoa vitambaa vyote kwenye meza ya kukatia na kumwaga vyuma. Moyo unanidunda kama binti wa kuposwa. Prosesa, ndiyo ubongo wa kompyuta, ni kidude cha ukubwa wa biskuti, kina mshale mdogo pembeni, na mshale lazima ukutane na mshale. Hilo nalijua, ni kama alama za mkato kwenye kitambaa. Kikakaa. Juu yake nikabana kile chuma na feni yake, skrubu nne, nikizikaza kwa kupishana kama msalaba ili kisiegemee upande. Mama alikuwa kanishikia tochi kwa sababu hapo mezani kuna kivuli mchana kutwa. Ananiuliza kila skrubu jina lake. Mama, ni skrubu!

Mwisho tukawasha. Skrini zote nyeusi. Nusura nilie. Kumbe waya nimezichomeka kwenye bodi badala ya kwenye kadi ya picha. Nikazihamisha – zikawaka tatu kwa mpigo, Mama akapiga kigelegele. Baba akachungulia, akauliza mitindo gani hiyo ya kupigiwa vigelegele.

Jumapili, 11 Mei

Gemu limeingia. Usukani nimeushonea ngozi nyeusi, mshono wa ndani, umependeza mno hata sitaki aushike mtu. Nikajaribu mwenyewe: nikatoa basi kituoni na kuvunja ukuta. Nikaanza upya. Dakika ya kumi – puu, kompyuta ikazimika. Nikangoja, nikawasha. Dakika nane. Puu.

Nimekaza skrubu zote upya. Nimefuta vumbi ambalo halipo. Fundi kompyuta kasafiri mpaka wiki ijayo. Na tarehe 19 haisafiri.

Jumanne, 13 Mei

Leo! Niandike vizuri nisisahau.

Nilikuwa nimewasha kwa mara ya ishirini. Baba kwenye kochi, gazeti usoni, hata ukurasa hageuzi. Ghafla akasema bila kushusha gazeti: "Hiyo inachemka." Nikauliza nini. "Injini yako hiyo. Isikilize."

Akaja mwenyewe. Akaweka kiganja ubavuni mwa kasha la kompyuta, akainamisha kichwa, akafumba macho. Nilikuwa sijamwona na uso ule tangu Januari. Feni inakimbia sana, akasema, lakini hewa inayotoka ni ya baridi. Kwa hiyo joto limebaki huko ndani, halifiki kwenye feni. Kuna kitu kimekaa katikati. Fungua.

Nikafungua. Nikang'oa chuma kutoka juu ya prosesa, nikakipindua – na chini yake, safi kabisa, inang'aa, ile nailoni ya kiwandani! Niliiona siku ile. Ina na maandishi madogo, miwani sikuwa nayo. Nikaiacha kwa makusudi, kitu kisichakae.

Ni lazima nieleze jambo la nyumba hii hata kama hakuna atakayesoma. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Makochi yana nailoni mwaka wa tisa. Rimoti iko kwenye mfuko wake. Saa ya ukutani ina karatasi yake usoni na tunasoma saa kwa kukisia. Ni amri ya Mama. Mimi nimelelewa hivyo, basi nimeivalisha na prosesa!

Baba akaishika ile nailoni kwa vidole viwili, akamwonyesha Mama. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye vitambaa, machozi yanamtoka. Mama anajitetea kwamba kochi halijawahi kuzimika. Ndiyo kwanza akazidi! Nampenda mzee huyu jamani. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kina mluzi mwishoni.

Tukabandua, tukapaka dawa ya kupitisha joto, tukafunga. Saa mbili nzima haijazimika. Akauliza, haya, mitindo yenyewe iko wapi? Nikamwonyesha basi. Akagusa mshono wa usukani kwa kidole gumba, akaenda zake kunyoa ndevu.

Alhamisi, 15 Mei

Kabla ya kukaa aliizunguka meza nzima. Kila waya kaugusa, kila mguu wa meza kautikisa, akainama kutazama chini. Miaka yote alikuwa analizunguka basi hivi kabla ya kulitoa, hata abiria wapige kelele vipi. Ndipo akakaa, akavuta kiti, akaweka sawa vioo vya kwenye gemu.

Na akaendesha! Mimi nilivunja ukuta, yeye kalitoa basi kituoni kama anatoa kikombe kabatini. Anaongea na watu wa kwenye foleni. Anawapisha. Wifi alikuja chakula cha mchana akasimama mlangoni na mkoba wake, kanyamaza kimya. Wifi!

Kisha kituo cha kwanza cha upande wa kushoto. Basi likapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, likagonga bango. Akarudi nyuma, akaguna. Mbele kidogo mtu wa baiskeli, kushoto, anaonekana kabisa, nguo ya njano. Baba hakupunguza hata kidogo. Akamgonga. Skrini ikasimama.

Akasema skrini ya kushoto inachelewa. Ile yenye namba nyekundu. Akaanza upya, baiskeli ileile. Mara ya tatu akatupa mikono: wameleta takataka zao za ofisini, picha inafika mtu ameshagongwa. Kesho uibadilishe.

Niliitikia. Ningeweza kusema. Mama alinitazama, mimi nikatazama cherehani.

Ijumaa, 16 Mei

Nimehamisha. Namba 40 sasa iko kulia, ya kulia iko kushoto. Nilifanya polepole, nikitafuta ujasiri kwenye kila waya. Sikuupata.

Baba akazunguka meza, akakaa. Upande wa kulia safi kabisa. Gari linatokea kwenye skrini yenye namba nyekundu, analipisha mapema, hata taa analipigia. Nikaanza kuomba Mungu, sijui hata naomba nini.

Kituo cha kushoto. Akapanda juu tena. Baiskeli. Nguo ya njano.

Akakaa na mikono kwenye usukani. Halafu akauliza kwa sauti ndogo: hii yenye namba nyekundu, jana ilikuwa wapi? Nikasema kushoto, Baba. Na haichelewi? Haichelewi.

Akageuza shingo. Polepole, yote, mpaka kidevu kikakaribia bega. Akamwona yule mtu wa baiskeli amelala barabarani. Akamtazama. "Alikuwepo muda wote," alisema. Hakuniuliza, alisema.

Akazima mwenyewe, akaingia chumbani. Nimeshona mfuko wa shati la mteja kichwa chini, nimefumua, nimeushona kichwa chini tena. Nilitaka kumpa basi. Sikutaka kumpa hili. Nimemuumiza baba yangu kwa mikono yangu na kwa hela yangu, na bado nafurahi kwamba kuliko kuwa barabarani imekuwa mezani. Mtu anaweza kuwa na yote mawili tumboni? Naona anaweza.

Jumamosi, 17 Mei

Saa nne asubuhi. Naandika kwenye kona ya meza, wao wako mbele yangu, hawanioni.

Baba katoka chumbani kanyoa, kavaa shati la kazi. Mlangoni alisimama. Akageuza shingo kushoto, akautazama ule ukingo, akapita bila kuugusa. Mama aliacha kufagia.

Akazunguka meza, akakaa, akawasha. Halafu akamwita Mama. Mama akasema ana nguo za kufua. Baba akasema anahitaji kondakta. Mama, huyu ambaye miaka thelathini na moja kasema hapandi basi linaloendeshwa na mume wake maana hatolipa nauli wala hatoshuka salama, kajifuta mikono, kavuta kiti changu cha kushonea, kaketi upande wake wa kushoto. Hajui hata gemu ni nini. Kashika pembe ya meza kwa nguvu.

Wanakwenda. Kushoto kuko vipi? Kuko wazi, mume wangu. Sasa? Pana bango. Sasa? Mtu na baiskeli, kavaa njano, hee, mpishe! Basi limesimama. Yule wa njano anapita taratibu, Mama anampungia mkono.

Simu ya Baba inaita. Iko hapa karibu yangu, nasoma jina: Kipara. Nimeinyanyua ili aione. Akaitazama, akageukia barabara yake.

Kituo. Milango imefunguka, abiria wanapanda. Simu imekatika, imeanza kuita tena. Baba mikono yote kwenye usukani.

"Kushoto?"

"Bado. Kuna mama na mtoto. Ngoja."

Anangoja.