Usichanganye na Dawa Nyingine

Jumatatu, 1 Julai 2024

Baridi kali. Mlima haujaonekana tangu Ijumaa. Tangawizi imekwisha dukani kabla ya adhuhuri – Ngarenaro nzima inakohoa.

Bosi, mzee Abdulrahman, kaniita ofisini, yaani nyuma ya magunia ya uwatu. Anataka kila pakiti ya mchanganyiko wetu iwe na karatasi ya maelezo. "Nusura, wewe una diploma. Andika: mdalasini, karafuu, tangawizi, uwatu. Inatibu presha na sukari." Nikasema taratibu, labda tuweke "inasaidia". Akacheka. Ati mtu hanunui kusaidiwa, ananunua kupona.

Bado niko kwenye miezi ya majaribio. Kabla ya hapa nilikaa nyumbani miaka miwili na cheti changu. Nikaandika "inatibu".

Jumatano, 3 Julai

Neno lile linanikera. Bibi alitulea kwa viungo: chai ya mdalasini kwa mafua, karafuu kwenye jino, uji wa pilipili manga kwa kila aliyejifungua mtaani kwetu. Hakuwahi kusema vinatibu. Alisema vinapasha mwili, basi. Na mtu akizidiwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuita bajaji ya kwenda hospitali.

Nimesoma kwenye simu kwamba viungo vikizidi vinaweza kugongana na vidonge. Kwa hiyo leo nimeongeza mstari chini, kwa herufi nene: USICHANGANYE NA DAWA NYINGINE. Mwenye vidonge vyake ataiacha pakiti yetu. Bosi kausoma mara mbili. "Safi. Inaonekana ya kitaalamu." Zimechapwa mia tano.

Nimepumua kidogo.

Jumamosi, 13 Julai

Dada Lydia, mteja wetu wa Oldonyo Sambu, kaja kunishukuru. Baba yake, mzee Kaanaeli, ana presha mwaka wa tisa huu.

"Mdogo wangu, karatasi yako imetufungua macho. Tulikuwa tunakosea, tunampa vyote. Sasa vidonge viko kabatini, anakunywa hii tu. Hata kule kukojoa-kojoa kwa vidonge kumeisha."

Nikamuuliza kwa nini wameacha vidonge. Akanitazama kama mtoto. "Si mmeandika wenyewe? Dawa mbili hazikai tumbo moja. Ukianza mpya, ya zamani unaiacha mpaka umalize. Kwenu hamkufundishwa?"

Tulifundishwa. Bibi alikuwa akisema hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Nimekua na sheria hiyo, na siku ya kuandika sikuikumbuka.

Nilitaka kumwambia avirudishe, leo, akifika tu. Bosi alikuwa amesimama kwenye mizani. Dada Lydia akachukua pakiti kumi na mbili nyingine, za akina mama wa usharika wao. Nikamfungia vizuri. Nikamwambia karibu tena. Karibu tena!

Jumatatu, 15 Julai

Nimemwambia bosi. Aliendelea kupima hiliki. "Nani kakwambia wewe ni daktari?" Nikamjibu kwamba ni yeye. Hapana, sikumjibu. Namjibu hapa.

Kasema mstari ubaki, ndio unaouza. Namba ya dada Lydia imo kwenye simu ya duka. Nitapiga kesho, bosi akienda kuswali.

Jumanne, 16 Julai

Sikupiga.

Jumatatu, 22 Julai

Kapiga yeye. Mzee Kaanaeli alianguka jana akitoka ibadani. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna nguvu. Wako hospitali, hapa mjini. Nilingoja anilaumu. Hakulaumu. Kaniomba niwaombee, "hata kwa dua zenu."

Bosi alisikia. Kaagiza karatasi zote zitolewe kwenye pakiti. Salha, mfungaji wetu, kazichoma uani kwenye jiko la mkaa, akachemshia chai. "Kumbe maneno ya wasomi yanawaka haraka," akanitania. Yeye hajui kitu. Nikanywa chai ile.

Nimebakiza karatasi moja. Imo humu katikati ya kurasa. Sijui ya kumwonyesha nani.

Jumatano, 24 Julai

Naandika dukani.

Saa nne dada Lydia kapiga. Mzee ameanza kumeza. Daktari kaandika vidonge, asubuhi na jioni. Lakini alfajiri shangazi yao kaja na chupa ya chai, ndani mchanganyiko wetu, na mzee kanywa kikombe kizima. "Sasa vya asubuhi tumevificha chini ya mto, nesi asione. Mdogo wangu, karatasi inasema tusichanganye. Tungoje pakiti iishe kwanza?"

Bosi akanong'ona pale mezani: "Mwambie hatujui. Karatasi si yetu."

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, nilisikia hata mzee akikohoa.

Nusu saa imepita. Pakiti ina siku tisa ndani yake, mimi ndiye niliyeandika hesabu ya vijiko.

Simu inalia tena hapa mezani. Ni yeye. Bosi kaweka chini kijiko cha mizani, anakuja kupokea mwenyewe. Mkono wangu uko karibu kuliko wake, na bado umeshika kalamu.