Hadithi za Nkambo kwenye flashi ya kwaya

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, paneli ya jua haijachaji kitu, na nina hasira ambayo sina wa kumtupia ila mimi mwenyewe.

Kompyuta yangu ilikufa Jumanne. Fundi aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa. Diski imeungua.

Mimi ni karani wa shule. Buletini za wanafunzi, zile ripoti za alama zao, nimezihifadhi mara tatu: kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye flashi iliyofungiwa kabatini, na kwenye karatasi. Lakini maisha ya Nkambo, bibi yangu wa Kabongo, aliyonisimulia siku nne mfululizo miaka miwili iliyopita, kurasa arobaini kwenye kompyuta hiyo, niliyanakili mara moja tu. Tena kwenye flashi nyekundu ya kwaya.

Usinicheke. Flashi ile hupita mikono yote ya kanisa, na nyimbo za mazoezi na picha za ndoa. Niliwaza haiwezi kupotea, maana kila siku kuna mtu anaitafuta.

Kweli haikupotea.

Jana baada ya mazoezi nilimuuliza habari ya flashi Yaya Odette, dada yetu mkubwa kwayani na kiongozi wa sauti ya pili. Akashika mdomo.

“Mudogo wangu, ilikuwa imejaa! Nilifutaka bile bya zamani, juu mimbo ya ndoa ipate nafasi. Minyi niliwaza iko mambo ya masomo tu.”

Akalia kuliko mimi. Nikajikuta namfuta machozi aliyenifutia kitabu. Sikuweza kumkasirikia, nani alimwambia kilichomo? Hata mume wangu sikuwa nimemwambia kwamba naandika. Niliona haya.

Na kitabu chenyewe sikuwa nimekimaliza. Kila jioni nilisema: buletini kwanza, kisha Nkambo. Buletini haziishi.

Leo asubuhi nimempigia Nkambo kwa simu ya mjomba anayekaa naye. Nikaungama yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka.

“Ulibebaka habari yangu yote, mwana wangu,” akasema. “Kisha haukurudiaka. Kuya huku kwangu. Nitakuelezea tena.”

Hilo limeniuma kuliko diski. Miaka miwili nimeshughulika na maneno yake, nikijiona mjukuu mwema, na yeye mwenyewe sikumtembelea hata mara moja.

Jumatatu nitamwomba mkuu wa shule ruhusa ya siku nne. Akininunia, na aninunie. Buletini zake ziko salama mahali patatu.

Nimetafuta kabatini karatasi za kaboni zilizobaki tangu enzi za mashine ya kuchapa. Bado zinapaka vidole. Nitaandika kwa mkono, pole pole, na kila ukurasa utatoka mara mbili. Nakala moja nitarudi nayo nyumbani. Nyingine itabaki chini ya mto wa Nkambo, na kila nikitaka kuilinganisha na yangu, itanibidi kwenda Kabongo.