Baba, Sauti Yako Bado Inatangaza Wafu

Baba yangu mpendwa, wewe uliyeitwa Redio ya Buyenzi,

Usinicheke kwa mwandiko. Najua ulikuwa unasema naandika kama kuku aliyekanyaga majivu, na kwamba niliacha shule darasa la nane kwa sababu darasa la tisa liliniogopa. Sawa. Lakini leo mwanao ni fundi wa pikipiki ambaye watu wanatoka Ngagara kumtafuta. Wengine wanazisukuma kwa mkono, maana esansi imeadimika mjini, ila wanafika. Wewe ulinitabiria kuuza karanga. Hayo maneno uyafute huko uliko, kabla sijaja tukagombana.

Nakuandikia waziwazi, barua isomwe na mtaa mzima, kwa sababu jambo lenyewe ni la mtaa mzima. Sauti yako imefanya kazi bila wewe, Baba. Na imeharibu.

Unakumbuka siku uliyonitangaza mimi? Nilikuwa nimejificha gereji badala ya kwenda shule, nimekaa juu ya tairi kama chifu, najisifu kwa wenzangu kwamba baba yangu hana habari. Mara kipaza sauti chako kikasikika konani. "Enyi watu wa Buyenzi! Mwenye kupika apunguze moto, mwenye kugombana apumzike!" Hivyo ndivyo ulivyoanza siku zote, iwe harusi, iwe msiba, iwe mbuzi aliyepotea. "Amepotea mtoto wa kiume. Kichwa kikubwa. Sare ya shule amevaa, shuleni hajafika. Atakayemwona amwambie baba yake hana haraka." Gereji nzima walicheka mpaka spana zikawaponyoka. Nilikununia wiki nzima. Sasa natamani ungenitangaza tena, hata kwa kichwa hichohicho.

Lakini kwa misiba hukuwa na mchezo, na hapo ndipo tulipobishana. Siku alipofariki mke wa muuza mkaa nilikwambia, "Baba, mtaa mzima unajua tangu alfajiri, we unaenda kuuliza nini tena?" Ukaniangalia kama mtu aliyeuziwa redio mbovu. "Habari ya kifo siipokei barabarani," ukasema. Ukaingia kwa mwenye msiba, ukavua viatu, ukakaa chini. Ukasubiri mpaka mume mwenyewe ataje jina kwa mdomo wake. Ukamuuliza anazikwa saa ngapi, ndugu gani wako mbali, nani apigiwe simu kabla hajasikia kwa watu. Ndipo ukatoka na kuwasha kipaza sauti. Mimi nilikuwa nje, jua linanipiga, naona unapoteza wakati tu. Nilijiona mjanja sana.

Ulipofariki wewe, hakukuwa na mtu wa kukutangaza. Nilijaribu. Nilifika avenyu ya pili, kikohozi na machozi vikanibana, nikasikika kama injini inayokataa kuwaka. Watu walijua kwa kuona tunavyolia. Mpaka leo wapo wanaonilaumu: "Redio mwenyewe kazikwa kimyakimya!"

Baadaye binamu yangu Shabani, yule mtoto wa shangazi mwenye kibanda cha simu, akaja kwetu anatabasamu peke yake. Alikuwa amekusanya ujumbe wa sauti uliokuwa unatuma kwenye kundi la mtaa miaka yote ile, akauingiza kwenye programu ya akili bandia. Akaandika sentensi moja. Ikatoka sauti yako. Na ile pumzi yako kabla ya kutaja jina! Mama alikuwa anachambua ndagala; alisimama ghafla, samaki wakamwagika wote uani.

Nilifurahi, Baba, sitakudanganya. Nilitembea Buyenzi nzima najigamba: "Baba yangu hajafa, amehamia kwenye simu." Shabani akaiunganisha sauti na kundi: mtu yeyote akiandika jina la marehemu na avenyu yake, wewe unatangaza. Watu waliipenda. Walisema msiba bila Redio si msiba. Kwa miezi kadhaa uliwatangaza watu vizuri kabisa, na Mama kila jioni aliweka simu sikioni, anasikiliza vifo vya watu ambao wengine hata hakuwajua.

Kisha ikanyesha ile mvua kubwa.

Mzee Issa, fundi cherehani, rafiki yako wa kahawa, alikuwa anaishi peke yake. Alikuwa na binti mmoja tu, Zaituni, anayeuza unga Gatumba, kule mpakani. Nyumba ya Mzee ilivuja usiku kucha. Asubuhi akatoa godoro nje, akatoa viti, akafunga turubai mbele ya mlango ili vikauke bila kunyeshewa tena. Sasa niambie wewe: hapa Buyenzi mtu akipita na pikipiki, akaona turubai limefungwa mlangoni, viti chini yake, na godoro nje, anafikiri nini? Matanga. Huyo mpita njia hakushuka. Aliandika kwenye kundi: Mzee Issa, avenyu ya kumi na moja. Na wewe, uliyekuwa hutangazi msiba kabla hujavua viatu, ukatangaza papo hapo.

Wanawake wakaja na kuni na masufuria, wanalia tangu konani. Mimi na Shabani tukafika tunahema. Mzee Issa akatoka na kikombe mkononi.

"Nani amekufa?"

"Ni we, Mzee," akajibu Shabani.

"Mi? Saa ngapi?"

"Redio ametangaza."

Mzee akanywa chai yake kidogo. "Apana. Redio angeniuliza kwanza."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Zile kuni zikawashwa, tukala matanga ya mtu aliye hai, na yeye akawa wa kwanza kunawa mikono. Zaituni peke yake hakucheka. Alikuwa amekusikia akiwa Gatumba, akaacha unga juu ya meza, na kwa kuwa mabasi hayakuwa na esansi, akatembea. Alifika jioni, mtandio shingoni, miguu imevimba, akamkuta baba yake anatafuna ndagala. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuzageuza kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Halafu akakaa chini akalia upya.

Hapo ilitosha tusimame. Hatukusimama. Vijana wakaona sauti yako ni kitu cha mchezo. Wakakutangazisha kifo cha timu iliyofungwa, kifo cha simu iliyotumbukia chooni, kifo cha mapenzi ya fulani na fulani. Ikasambaa mpaka Kinanira, kwa watu ambao hawajawahi kukuona. Wanakuita "yule mzee wa kuchekesha". Nilimwambia mmoja wao aliyeleta pikipiki yake, "Huyo ni baba yangu." Akasema, "Kweli? Mwambie basi atoe nyingine."

Nilimfungia breki zake, nikamrudishia pikipiki yake.

Mzee Issa alifariki kweli, asubuhi moja, baada ya swala. Jirani yake aliandika kwenye kundi kama ilivyokuwa desturi. Ukatangaza, kwa sauti ileile, kwa pumzi ileile. Kundi likajaa vikatuni vya kucheka. Mmoja akaandika, "Huyu Mzee anakufa mara ngapi?" Mwingine, "Muacheni anywe chai yake." Jirani akampigia Zaituni. Zaituni aliposikia jina la baba yake akasema, "Leo sitembei kwa ajili ya mchezo wenu," akakata. Alipopigiwa tena, simu ilikuwa imezimwa. Na wa kumtuma Gatumba na pikipiki hatukumpata. Hizo nilizokuwa nazo gereji zote zilikuwa kavu.

Unajua sisi hatumweki maiti. Aliyekufa asubuhi, alasiri yuko chini. Tulimwosha, tukamvika sanda, tukachelewesha kumfunika uso kadiri imamu alivyotuvumilia. Tuliobeba jeneza tulikuwa wachache, hata wa kupokezana nao hatukuwa nao. Siku nyingine watu hugombania kutia bega. Siku ile walisimama milangoni wakitutazama, na wengine, Baba, walikuwa bado wanatabasamu, wanangoja mwisho wa kichekesho.

Zaituni alikuja kesho yake, baada ya mteja mmoja kumpa pole sokoni. Hakwenda kwao kwanza. Alikuja kwetu. Nilikuwa uani na Mama. Nikaanza maneno yangu, unanijua: kwamba mashine haijui kitu, kwamba Shabani ndiye aliyeitengeneza, kwamba watu ndio walioandika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia Mama, si mimi:

"Mama, sauti ya muzee wako ilinitoa Gatumba siku baba yangu ni muzima. Ikaniacha Gatumba siku amekufa. Sikumuona uso."

Mama akamshika mkono. Mimi nina mdomo, Baba, wewe mwenyewe ulisema hata kaburini nitawabishia malaika. Siku ile nilichoweza ni kumtandikia binti wa watu mkeka.

Tangu hapo nazunguka na jambo hili kichwani. Mwongo ni nani? Yule wa pikipiki hakudanganya, aliona turubai kweli. Mashine haikudanganya, yenyewe haijui kufa ni nini. Shabani alitaka kutufurahisha. Waliocheka walicheka kwa sababu wenzao walicheka. Ukimtafuta mwenye kosa unazunguka avenyu zote unarudi ulipoanzia. Lakini Zaituni hakumsikia Shabani, wala mashine, wala mwenye pikipiki. Alikusikia wewe. Ulitumia maisha yako yote kuingia nyumba za watu mpaka wakakuamini. Sisi tukachukua imani hiyo yote, tukaikabidhi kitu kisicho na miguu ya kuingia mlangoni.

Wazee wa mtaa walikutana. Wengine walisema sauti ibaki, ila awekwe mtu wa kuhakikisha kwanza. Shabani akasema anaweza kuirekebisha. Kisha wakanigeukia: wewe ndiye mwanawe, ukisema ifutwe, ifutwe. Kifua changu chote kile cha kujigamba kikapungua. Sikuwaogopa wao. Nilimwogopa Mama. Nimwondolee mumewe mara ya pili, kwa kidole kimoja?

Nilimwendea na simu. Nilitaka asikie kwanza kitu kizuri ndipo nimuulize, kwa hiyo nilimwomba Shabani atengeneze maneno machache ambayo si tangazo, maneno yako kwake yeye tu: asikae kwenye baridi, ale, asichoke na mimi. Ukayasema yote. Mama akasikiliza. Akaomba irudiwe. Nikarudia. Akaiweka simu juu ya mkeka taratibu, kama anayerudisha chombo cha jirani.

"Si yeye."

"Ni yeye, Mama. Sikiliza hiyo pumzi."

"Huyu ni wa barabarani, mwanangu. Baba yako akiongea na mimi hakuwa anatangaza. Alikuwa anaongea chini, chini kabisa, mpaka namuuliza, 'Unasemaje?' Hiyo hakuituma kwenye simu. Tulikuwa nyumba moja, angeituma ya nini?"

Akavuta ungo wake. "Futeni," akasema.

Shabani alifuta mbele ya macho yangu. Nilidhani nitapumua. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba amefuta ya kwake tu. Vijana walikwisha kuinakili zamani. Iko kwenye simu za watu tusiowajua, huku na ng'ambo ya mpaka, na wanaweza kukutangazisha chochote wakitaka. Nilimtukana mpaka nikaishiwa.

Nilipopata esansi kidogo nilikwenda Gatumba kumwambia Zaituni kwamba tumefuta. Alikuwa anapimia mteja unga.

"Zote?" akauliza.

"Apana."

Akaendelea kupima. Sikumlaumu.

Juzi, Baba, nikiwa gereji, simu yangu ililia. Namba nisiyoijua, ujumbe wa sauti. Nikaufungua bila kufikiri. "Enyi watu wa Buyenzi! Mwenye kupika apunguze moto..." Sikusubiri jina. Nilizima, nikaacha injini ya mtu imefunguliwa chini, nikakimbia. Mimi, ninayejua mashine hii ilivyotengenezwa, niliyekuwapo ilipofutwa, nilikimbia avenyu baada ya avenyu na mikono ya grisi, na watu wananiita sigeuki. Nikasukuma mlango wa uani. Mama alikuwa anakuna kichwa kwa ncha ya kitana.

"Una nini we mutoto?"

Nikasema hamna kitu. Nikakaa karibu yake mpaka moyo ukatulia, na ule ujumbe sijausikiliza mpaka leo.

Lala salama, Baba. Ukisikia huko mtu anaongea kama wewe, usiitike. Si sisi tuliomtuma.

Mwanao,
Hamza